Dawa ya Mama Yako Niliyoimeza Mimi

Kumsenga,
Kibondo, Kigoma.
Tarehe 19 Juni, 2025.

Mpendwa mwanangu Nadine,

Pokea salamu zangu za asubuhi, ingawa sijui huko Ujerumani zitakukuta asubuhi au jioni. U mzima? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Na wale wazee unaowatunza wanaendeleaje? Yule bibi anayekuita kwa jina la dada yake bado yupo? Huwa namfikiria sana, sijui kwa nini, wala sijawahi kumwona. Sisi huku ni wazima wa kutosha, tunamshukuru Mungu. Baridi ya kiangazi imeingia, ukungu unalala mabondeni mpaka saa tatu, na kahawa imeanza kuiva.

Usishangae kuona nimeandika Kumsenga badala ya Kitahana. Niko kwa mama yako, hii ni wiki ya pili. Umesoma vizuri, kwa mama yako. Kaa sawasawa kwenye kiti, nitafika huko polepole.

Na mwandiko huu nao usikushtue. Barua zangu za miaka hii zote aliniandikia Jeanne wa kwaya, wewe ukadhani shangazi yako amekuwa msomi. Huu wa leo unaopanda na kushuka ndio wangu. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu nimekudanganya mara mbili, naogopa ulimi umeshazoea.

Dawa ilifika, Nadine. Ilifika tangu katikati ya Aprili. Sylvesta mwenzako wa huko Ujerumani alipokuja kwenye ile harusi ya Kasulu alipanda mpaka Kibondo, akaiacha kwa Mudathiri mwenye duka la dawa, kama mlivyopatana, ili mimi niichukue nimpelekee mama yako kwa ajili ya goti lake. Uliponiuliza nikasema bado iko njiani. Uliponiuliza tena nikasema labda imekwama Dar. Haikukwama popote, ilikuwa chini ya mto wangu wa kulalia.

Nikueleze ilivyokuwa. Mudathiri alilitazama lile kopo lenye maneno ya Kijerumani, akalipiga picha kwa simu, simu ikamtafsiria. Akaniambia ndani yake kuna vimeng'enya vya nanasi na vya papai, pamoja na kitu kingine kinachotoka kwenye maua ya mti fulani, na kwamba watu humeza vidonge hivyo kwa ajili ya maumivu, uvimbe na viungo vilivyowaka moto. Nikacheka. Nanasi hili hili la Busunzu linalotuchubua ulimi? Papai ambalo majani yake tunafungia nyama ya mbuzi mzee ilainike? Akasema ndiyo hilo hilo, mama, usicheke, ila hizi si peremende. Zimezwe nzima, na maji mengi, saa nzima kabla ya chakula. Wengine zinawasaidia, wengine haziwasaidii kitu. Tena akanikazia macho: mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande asiziguse kabisa. "Mgonjwa wako anatumia?" Nikajibu hapana, kwa haraka, kama mtu anayejua.

Nilipopokea lile kopo nililipokea kwa viganja viwili, kama mtoto anavyopokea, kwa sababu vidole vyangu havikuweza kulishika. Mudathiri aliona. Wewe hukuwahi kuambiwa, wala mtu mwingine yeyote. Mikono yangu imevimba mwaka wa tano sasa. Asubuhi vidole vinakuwa vimejaa na kukakamaa, hata kifungo hakifungiki. Mimi Maximilla, niliyekuwa nikiwaacha wanaume nyuma kwenye shamba la muhogo! Nilikuwa naifunika kwenye kitenge. Niliona haya, nikaona bora waseme nina maringo kuliko waseme nimekwisha.

Na kweli walisema nina maringo. Aliyesema kwanza ni mama yako, naye alikuwa na haki. Sijui kama huko bado una mtu wa kumpigia makofi ya salamu, lakini hujasahau: unainama kidogo, unakutanisha viganja, unapiga taratibu huku unauliza habari za watu na mifugo na mashamba, na mwenzako anakujibu kwa makofi yake. Siku ya kuondoa matanga ya baba yako, mama yako alikuja kwangu mbele ya ukoo mzima, akainama, akanipigia makofi. Mimi nilimtikisia kichwa tu. Mikono ilikuwa chini ya kitenge inawaka. Nilimwona usoni jambo lilivyomwingia: kwamba kaka yangu Reverien amezikwa, na mimi nimemzika yeye pamoja naye, si wifi yangu tena. Ningesema neno moja tu, mikono inauma, yangekwisha. Sikulisema. Alirudi kwake Kumsenga, nami nikarudi Kitahana, na tukaishi hivyo kwa adabu kubwa miaka minne.

Sasa ukanitumia kopo. Usiku ule ule nililitia chini ya mto nikajiambia nitameza chache tu, mikono ikilegea niende kwa Epifania mama yako nimsalimie kama anavyostahili, halafu nimkabidhi dawa yake. Niliiba dawa ya mama yako ili nipate kumsalimia mama yako. Ukilisikia unaweza kucheka, lakini ndivyo nilivyowaza, na niliona ni hesabu nzuri kabisa.

Saa ile ya kungoja kabla ya uji ndiyo imenibadilisha, mwanangu. Nilikuwa nameza alfajiri, kisha nakaa mlangoni na njaa yangu. Kichwa kinakuwa chepesi. Ukungu unapanda kutoka bondeni, unaufuta mgomba mmoja mmoja, mpaka sijui kama macho yangu yamefumbwa au yamefunguka. Humo nilikuwa namwona baba yako. Anakuja na baiskeli yake, mikungu ya ndizi nyuma, haharakishi. Sijawahi kumwogopa. Alikuwa anapita tu, mara nyingine nasikia na mnyororo wa baiskeli. Nilifika mahali nikawa naamka mapema ili nisimkose, na dawa nikawa naisahau kidogo.

Wiki ya tatu vidole vikaanza kulegea. Sijui ni vimeng'enya, sijui ni kiangazi, sijui ni kwa kuwa sikulima majuma yale. Nilifunga kifungo. Nikavunja kuni nyembamba. Siku moja nikakutanisha viganja mlangoni pale, nikapiga, sauti ikatoka, kuku wakaniangalia. Hapo ndipo ningeondoka. Sikuondoka. Nilisema wiki moja zaidi, na tena wiki moja, maana nilikuwa nimeonja kuwa na mikono. Kopo likapungua likavuka nusu.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi huu baba yako hakupita. Alisimamisha baiskeli, akaniuliza kwa ile sauti yake ya puani, "Epifania yakize?" Amepona? Nilipozinduka uji ulikuwa umepoa na jua limeshatoka. Nikavaa, nikamwita kijana wa pikipiki, nikaja huku.

Nilimkuta mama yako barazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, anapukuchua maharage. Mguu ulikuwa umevimba, na si goti tu. Nikainama, nikampigia makofi. "Mwakeye, wifi," nikamwamkia. Niliyapiga yote, ya miaka minne, mpaka viganja vikapata moto. Yeye alikuwa ananitazama mikono. Hakujibu kwa makofi. Akasema, "Kumbe njia ya kwangu unaikumbuka. Kaa, mimi siwezi kuinuka."

Nikakaa, nikamwambia yote, kitenge, matanga, kopo, mto. Akaendelea kupukuchua. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja, "Ilianza kuuma lini?" Nikasema kabla ya Reverien kufa. Akasema, "Ungeniambia ningekukanda." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Kisha nikamwekea kopo mapajani nikamweleza alivyosema Mudathiri, mpaka nikafika kwenye zile dawa za kuzuia damu isigande. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni akatoa pakiti. Nadine, mama yako tangu Machi anatumia dawa hizo hizo. Damu iliganda mguuni. Alilazwa hospitali siku tano, na wewe alikuambia ni goti ili usiache kazi ukaja mbio. Zile ulizomtumia kwa mapenzi, kama ningemletea siku ile zilipofika, angezimeza bila kumwuliza daktari, kwa sababu zimetoka kwako.

Usinisafishe kwa hilo. Watu wa hapa waliokwisha kuisikia habari hii wanasema Mungu alinitumia. Mimi sikujua lolote. Niliiba tu, nikadanganya, na bahati ikawa nzuri. Nilimwendea Mudathiri nikamwambia ukweli kwamba nilimjibu kwa kubahatisha, akatikisa kichwa muda mrefu. Amenitaka mimi pia nipimwe hospitali, kwa kuwa uvimbe ukipungua haimaanishi ugonjwa umeondoka, na nimepangiwa Jumatatu. Kwako nakuomba msamaha, kwa dawa na kwa ule uongo wa kwenye simu. Usitume kopo jingine kabla hatujakuambia daktari wa hapa amesema nini.

Mama yako hakutaka nikuandikie habari ya mguu. Tumebishana siku tatu. Jana amekubali, kwa sharti kwamba nikuambie pia anaendelea vizuri, na ni kweli anaendelea. Daktari anampima damu, mguu umepungua, anatembea mpaka kwa Kezia jirani na kurudi. Mpigie Jumapili baada ya misa. Usianze kwa kulia. Mwulize mguu kwa jina lake, usiulize goti, naye atakuambia.

Hajaniambia kama amenisamehe, nami sijathubutu kumwuliza. Lakini juzi nilikuwa jikoni, nimekaa na mawazo yangu kama unavyonijua, maharage yakaungua. Akanifokea kutoka barazani mpaka kwa Kezia wakasikia. "Maximilla! Umekuja kunichomea nyumba? Mwanamke mzima hujui kutazama chungu!" Miaka minne yote alikuwa ananiita "shangazi wa watoto", kwa upole, na kunitengea kiti kizuri kama mgeni tukikutana misibani. Nilisimama na kile chungu mkononi nikalia. Akaniambia niache kulia nichote maji, nipike mengine.

Kezia anakusalimu, na Jeanne wa kwaya, na Mudathiri na mkewe Kuruthumu. Mama yako anakusalimu kuliko wote, anasema ule vizuri na uvae soksi mbili. Mungu akutunze mikono yako inayowatunza wazee wa watu, na akurudishe kwetu siku moja ukiwa mzima.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye siku zote,
Maximilla