Pumzi ya Mama Mkwe

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, na tafadhali usinicheke, kwa sababu kila niliyejaribu kumweleza habari hii amecheka kwanza ndipo akanyamaza.

Mimi ni mpimaji wa pumzi kwenye geti la mgodi wa shaba hapa Chingola, kazi yangu ni kusimama na kile kifaa cha kupimia ulevi na kila anayeingia zamu anapuliza, ikitokea sifuri anapita, ikitokea kitu kingine anakaa kwenye benchi la pembeni mpaka msimamizi aje, na benchi lile watu wanaliogopa kuliko jeneza maana waliokaa pale wakabaki na kazi ni wachache, na naweza kusema bila kujisifu kwamba kazi yangu naijua, nimewahi kumkalisha pale rafiki yangu aliyenisimamia harusini na sikupepesa macho.

Tatizo ni kwamba mama mkwe wangu, Mama Kasuba, ni dereva wa yale malori yanayopandisha mawe kutoka shimoni, lori ambalo gurudumu lake peke yake linamzidi mtu urefu, na mimi na yeye bado hatujafanyiwa sherehe ya kumwingiza mkwe, kwa hiyo kama unavyojua kwetu Wabemba siwezi kumtazama usoni, siwezi kula mbele yake, tukikutana njiani mmoja wetu anaacha njia, sasa niambie, mtu kama huyo nitamtiaje mrija mdomoni na kumwambia puliza mama, kwa nguvu, endelea, endelea? Pale getini nainamisha macho, namjua kwa buti zake, nikiona buti ndogo zenye kamba za manjano najua ni yeye, basi tangu siku ya kwanza nikafanya nilichoona ni adabu, nikageuka kando nikapuliza mimi mwenyewe, sifuri, mama akapita.

Foleni ni mbili, ya pili anaisimamia Jere, ambaye ni Mngoni na mtani wangu, na mdomo wake hauna breki. "Nyie Wabemba mnaoa binti halafu mnamkimbia mama yake kama mmemwibia kuku," aliniambia mbele ya watu wote. "Mlete kwangu huyo mama, nitampulizisha mpaka aimbe." Nikamjibu, "We mla panya, mguse mama mkwe wangu uone, utatulipa ng'ombe wote walioibwa na babu zako." Watu wakacheka, yakaisha, na kila asubuhi mama akaendelea kuja kwenye foleni yangu na mimi nikaendelea kumpulizia.

Mwaka jana baba mkwe alifariki, na miezi michache baada ya msiba nikaanza kusikia harufu, kwanza nikajiambia ni dawa ya kikohozi, baadaye zikaja peremende za mnanaa, lakini kachasu, hii gongo yetu ya huku, haijifichi Mama Mshauri, inatoka mpaka kwenye ngozi, na zile buti zikaanza kuja kamba zikiburuzika. Macho yake mimi sikuyaona, mkwe hayatazami, nadhani wenzangu wote walijua kabla yangu. Nikapuliza tu, maana nikasema leo ndiyo nianze kumdai pumzi mjane?

Jumanne iliyopita lori lake lilikuwa linashuka shimoni likaliparamia tuta la ukingoni, likasimama gurudumu moja likining'inia hewani, na chini yake alikuwapo mzee wa pampu, yule anayetoa maji shimoni, aliyeruka akavunjika mkono. Mama Kasuba akasema breki zilikataa. Zahanati ikaangalia kipimo cha asubuhi, ikakuta sifuri, ikasema mama ana mshtuko, apumzike. Sasa aliyesimamishwa kazi ni Kafula, fundi aliyekagua breki zile, na Jumatatu ndipo anasikilizwa, na kila mtu anajua atafukuzwa. Juzi alikuja nyumbani kwangu. Akaniambia, "Ndugu yangu, breki zile nilizikanyaga kwa mguu wangu huu, zilikuwa nzima. Wewe ndiye uliyempima mama. Niambie tu nijue moja, alikuwa safi?" Nikamwambia alikuwa safi. Akasema asante, akanywa kikombe cha munkoyo, togwa letu la mahindi, tulichomkaribisha, akaondoka.

Mke wangu Kasuba alisikia yote kutoka jikoni, akatoka na mwiko mkononi akaniambia, "Mama akikalishwa kwenye benchi lenu hilo, na wewe nenda ukalale hapo hapo. Kwangu usirudi."

Mimi naamini moyoni sikuwa na nia mbaya, nililinda heshima. Je, ninyamaze yapite, niombe kuhamia geti lingine, au niache kazi kabisa nirudi kulima?

Mkwe Mwenye Adabu, Chingola

* * *

Mkwe,

Hilo jina la "Mwenye Adabu" nimeliacha kwenye barua yako, mimi silitumii. Mwenye adabu hamkaribishi mtu kinywaji kisha akamdanganya kikombe kikiwa mkononi.

Sikucheka. Naanza na hilo kwa kuwa umeliomba. Umekabidhiwa kazi ambayo mwajiri wako hakuwahi kujiuliza inafanywa na mtoto wa nani kwa mama wa nani, na siku ya kwanza ulipoziona zile buti ulibanwa kweli. Siku hiyo moja nakusamehe. Zilizofuata siwezi kukusamehe.

Unaniambia mila. Mimi ni Mbemba, nimefundwa na wamama wasiokuwa na mchezo, na leo nina wakwe watatu, mmoja wao akiniona sokoni hujificha nyuma ya magunia ya mahindi. Kwa hiyo kaa chini nikufundishe mila unayodai kuilinda. Kukwepana kuna pande mbili. Mkwe anamkwepa mama, na mama anamkwepa mkwe. Umeandika kwa mkono wako kwamba foleni ni mbili. Ya Jere ilikuwa wazi kila asubuhi. Mama mkwe anayekuheshimu angeenda kwa Jere asubuhi ya kwanza, apulize, apite, wala usingejua kama amefika kazini. Mama Kasuba alikuja kwako. Akaja tena. Mwanzoni labda kwa mazoea, sijui, simhukumu. Lakini tangu kachasu iingie, alikuja kwako kwa sababu alijua wewe hutainua macho. Mila imewekwa ili ninyi wawili mkae mbali, na nyinyi mmeitumia kukutana kila siku.

Na yule mtani wako unayemwita mla panya! Kwenye msiba wa baba mkwe wako ni nani aliyewaambia wafiwa wafute makamasi, wale chakula? Mtani. Ni nani anayeruhusiwa kumwambia mkubwa wako lile ambalo wewe likikutoka mdomoni utatozwa faini? Mtani. Wazee waliweka mtu maalumu kwa shida kama yako, akasimama hatua mbili kutoka kwako, akajitolea mbele ya watu, ukamfukuza kwa mzaha kwa sababu ulitaka wewe ndiye uonekane mkwe mwema.

Najua barua zitakazomiminika wiki hii. "Mama Mshauri amenunuliwa na kampuni." Kampuni! Nimepigana na hao kwenye ukurasa huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na naendelea. Wakubwa wanaopita kwenye magari ya vioo vyeusi baada ya karamu za Ijumaa, nani amewahi kuwaambia washushe kioo wapulize? Vibarua wanakojolea vikopo ili watafutiwe bangi ya Jumamosi, na bwana mkubwa anayetia saini ya kulipua mwamba hapimwi hata homa. Benchi linaloogopwa kuliko jeneza halijawahi kumponya mlevi hata mmoja. Limewafundisha walevi kununua peremende. Na zahanati iliyokuwa na dereva mzima mbele yake ikachagua kusoma kipimo cha asubuhi, hiyo nayo ikaulizwe inalipwa kwa kazi gani. Yote hayo ni kweli, nami nitayasema popote. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa chini ya gurudumu. Chini ya gurudumu alikuwapo mzee wa pampu.

Mwingine ataniandikia kwamba mashine hiyo ni ya wageni, sisi tuna desturi zetu. Babu zetu walikwea juu ya miti na shoka mkononi, wakakata matawi ya kuchoma shambani, na kila kijiji kilimjua aliyeanguka. Ulevi waliujua kuliko hiyo mashine. Aliyefika ananuka pombe aliambiwa shuka, hata angekuwa mkwe, hata angekuwa mjomba wa chifu, na hakuna aliyepanda mtini badala yake ili kumlindia heshima.

Mama Kasuba nampa pole, na pole yangu ni ya kweli. Kufiwa na mume baada ya miaka yote hiyo, kisha kuamka kabla ya jua kwenda kuendesha jabali la chuma, si jambo la kuchezea. Alipozikwa mzee, nyinyi watoto mlirudi makwenu, chupa ikabaki naye. Wewe ulikuwa na kisingizio cha kutomtazama. Mkeo hana. Mwambie Kasuba hivi, kwa maneno yangu kama yako hayatoki: "Mama yako alibakiza tuta moja la udongo kabla ya kwenda chini na lori lake. Unataka tumrudishe kwenye usukani?" Kisha aweke ule mwiko chini aende akakae na mama yake. Akakae siku nyingi.

Sasa sikiliza, maana Jumatatu haitakusubiri.

Leo nenda kwa Kafula. Mwambie ulimdanganya. Usizunguke, usianze na habari za mila, usimwombe akuhurumie. Anaweza kukutukana, tukanwa.

Leo hiyo hiyo mtume mshenga wako kwa Mama Kasuba, yule yule aliyepeleka posa. Usiende wewe. Amwambie bila kuficha utakachokwenda kusema mgodini, ili apate nafasi ya kutangulia yeye, aende na mtu wa chama cha wafanyakazi, aseme ninakunywa, naomba nitibiwe. Siwezi kukuahidi kwamba watamfanyia hisani. Ila aliyejipeleka mwenyewe ana maneno ya kujitetea, na aliyekamatwa hana.

Kesho asubuhi, kabla ya kushika kile kifaa, nenda kwa afisa usalama pamoja na mwakilishi wa chama. Sema unachokijua na ukomee hapo. Usiseme alikuwa amelewa, hukumpima, hujui. Sema sifuri ile ni yako, na zote zilizotangulia ni zako. Sema ulisikia harufu ukanyamaza. Kisha waambie foleni ya mtu na mkwe wake iwe ya mtu mwingine, iandikwe iwe sheria, maana Chingola nzima imejaa wakwe.

Kuhamia geti lingine, hapana. Utauacha uongo wako kwenye geti la zamani uendelee kumfukuzisha Kafula kazi. Kurudi kulima, lima ukitaka, baada ya kusema. Utapoteza kazi? Huenda, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini kuna mtu anayepoteza yake wiki hii kwa kosa ambalo umelifanya kwa mapafu yako mwenyewe, na mtu huyo alikuuliza swali moja tu.

Mama Kasuba akikukasirikia, atakuwa hai wa kukukasirikia. Sherehe ya kuwaingiza itafanyika siku akiwa mzima, kuku watachinjwa, nami nikialikwa nitakuja.

Jumatatu, Kafula asiingie kwenye kile chumba peke yake. Uwe umefika kabla yake.