Kikombe cha Alizeti kwenye Honda ya Katekista

Jumatano, 5 Juni 2024

Mume wangu Stanley kaingia anacheka peke yake. Tangu tajiri amnyang'anye pikipiki ya kubebea abiria hajacheka, mwezi wa pili huu. Nikajua kuna jambo.

Kumbe ni Honda ya marehemu katekista Simeoni! Ile pikipiki nyekundu ya zamani. Iko kwa mjane wake, bibi Agripina, huku huku Mitundu, nyuma ya kanisa. Miaka kumi na moja haijawaka. Sasa bibi anataka kuitoa.

Nikauliza anataka nini. Stanley akamnyanyua mwanetu Winfrida ambaye hata hakuwa analia. Akauliza kama uji umebaki. Akasifia uji! Ndipo akasema bibi hataki hela. Mjukuu wake Joyce kamaliza kujifunza ushonaji, hana mashine. Bibi anataka cherehani.

Cherehani yangu.

Mama alinipa siku naolewa. Akaninong'oneza mlangoni, mume mnakula naye, mashine ndiyo itakulisha. Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja maana sina jingine. Juu ya ukurasa huu kuna kiuno cha mwalimu Martha. Samahani mwalimu.

Alhamisi, 6 Juni 2024

Tumekwenda kuiona. Chumba cha pili, kando ya magunia. Imefunikwa kitenge cha jubilei. Bibi akakifunua taratibu kama anafunua mtoto aliyelala. Haina vumbi! Tangi limepauka, tairi zimelala chini, na chini ya injini kuna kuku anaatamia mayai. Hakusogea. Alituangalia kama wapangaji wageni.

Stanley akapanda, akapiga kiki. Haishuki. Akasimama na uzito wote. Haishuki! Kama mtu anakanyaga jiwe. Eti inataka mazoezi tu. Akatoka kwenda kumtafuta fundi pikipiki Othmani, asimkute.

Nikabaki na bibi. Nikainama karibu na injini, nikasikia harufu. Nilidhani ni jiko lake. Si jiko. Ni alizeti, yale mafuta yaliyochacha.

Nikamuuliza, bibi, hapa kulimwagika mafuta? Akafurahi kuulizwa. Akaniambia yote. Mzee Simeoni alipopanda treni kwenda kutibiwa Dodoma alimshika mkono, akamwambia, Agripina, usiiache ikauke. Akarudi kwenye jeneza. Basi kila mwaka, alizeti ikikamuliwa, kabla hawajaonja nyumbani, kikombe cha kwanza ni cha Honda. Anafungua plagi ya injini mwenyewe, mzee alimfundisha. Anamimina polepole, anasali Baba Yetu, anafunga.

— Sijaruka hata mwaka mmoja, mwanangu. Mwaka wa njaa watoto walikula mlenda mkavu, Honda ilipata chake.

Nilisema eeh, bibi.

Ijumaa, 7 Juni 2024

Sijalala vizuri. Nakumbuka nilipokuwa darasa la tano. Cherehani ya mama ilikuwa inalia, mafuta ya mashine yameisha. Nikaona, mafuta si mafuta? Nikatia alizeti. Ilikwenda vizuri siku tatu, mama akanisifu! Tulivyorudi kutoka shamba baada ya wiki, gurudumu halizunguki. Alizeti ikikaa kwenye chuma inageuka gundi. Mama alinichapa, halafu akakaa siku mbili anaosha kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Kila kidude.

Ile ilikuwa wiki moja. Hii ni vikombe kumi na kimoja.

Aliambiwa asiiache ikauke, na yeye ndiye aliyeigandisha. Kwa mikono yake. Na Baba Yetu juu.

Jumapili, 9 Juni 2024

Baada ya misa fundi Othmani kaja kwa bibi. Kavua kofia, shikamoo bibi, akapewa na kigoda. Kazunguka Honda mara mbili. Akasema imeshika, pistoni imeng'ang'ania silinda, sababu ataijua akifungua.

Bibi akakataa isifunguliwe kabla cherehani haijafika. Mkifungua mkaghairi, mimi nitabaki na nini, sufuria zilizojaa vyuma? Ana haki.

Njiani Othmani akamcheka Stanley.
— Ndugu yangu, kile si chombo cha usafiri. Kile ni kaburi lenye taa.
— Wewe tengeneza, maneno waachie wasusi.
— Nitatengeneza. Ila vifaa vyake utavitafuta mpaka uote mvi. Shemeji, umesikia? Usije ukasema Othmani hakusema.

Halafu, karibu na kwake, akasimama. Akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba ikikubali, ile Honda itatuzika sote. Vyuma vile havitengenezwi tena. Stanley akanishika bega. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaiona. Nikamwona Winfrida mbele kwenye tangi, mimi nyuma na bando la sare za shule, tunakwenda Itigi bila kumsubiri mtu. Niliiona kabisa.

Jumanne, 11 Juni 2024

Nimemwambia Stanley habari ya alizeti. Nilidhani itamkatisha tamaa. Ujinga wangu!

Alicheka mpaka Winfrida akaanza kucheka. Basi tumeipata bure, mama Winfrida! Kumbe ameiua mwenyewe! Nimwambie bibi ukweli, kwamba hakutunza, aliiharibu, na sasa ni chuma chakavu. Kwa aibu atatuachia kwa majogoo wawili. Na wewe ndiye utamwambia, anasema. Mimi nikisema ataona dalali. Wewe unajua mashine, tena anakupenda.

Nikamwambia siwezi. Miaka kumi na moja yule mama anaamka na hicho kitu kimoja. Stanley akaacha kucheka.

— Cherehani yako inabaki. Si ndicho unachotaka?

Ndicho ninachotaka. Hapo ndipo aliponichoma. Maana kama ningekuwa sitaki, ningekuwa mtu mwema bure tu. Nataka cherehani yangu. Nikikaa kimya inaondoka. Nikisema inabaki, na bibi anabaki na nini?

Alhamisi, 13 Juni 2024

Joyce kaja kuiangalia cherehani. Mtoto mzuri, ana heshima, kapiga goti kusalimia. Nilimchukia hivyo hivyo. Akaomba ashone mstari mmoja. Ukanyooka kama uzi wa buibui. Akaipapasa, akasema, dada Dina, unaitunza kweli. Nyumba hii leo kila mtu ni kutunza, kutunza.

Stanley anasema asipopata chombo, Jumatatu anaondoka na wenzake kwenda machimboni. Mdogo wake Ezekieli alikwenda mwaka juzi. Tunapata salamu tu.

Nikamwambia basi tuache yote, nitashona kwa wawili, msimu wa sare unakuja. Akasema hataki kuitwa mume wa fundi cherehani. Nikamwambia wanakuita hivyo tayari. Nilikosea. Lakini nilisema.

Ijumaa, 14 Juni 2024

Hatujaongea. Winfrida anatubebea maneno: baba chai, mama chumvi. Miaka miwili na nusu, keshakuwa mshenga.

Kesho bibi anataka jibu.

Jumamosi, 15 Juni 2024

Naandika haraka.

Tumekwenda asubuhi. Stanley kaniambia njiani mara tatu, utasema, utasema, utasema. Bibi Agripina kavaa gauni la kanisani. Kuku ameangua! Vifaranga saba chini ya injini. Bibi anasema ni dalili njema.

Mezani kikombe cha bati kimefunikwa kisahani. Alizeti ya mwaka huu, imekamuliwa jana. Alikuwa ananisubiri mimi. Eti Honda isiondoke na njaa, na atakayeishi nayo ajue namna ya kuilisha. Akanipa spana ya plagi ya marehemu, imezungushiwa kitambaa. Nikafungua. Ndani ya tundu kuna kitu cha rangi ya asali, kigumu, kinang'aa. Nimekigusa kwa ncha ya sindano. Sindano imepinda.

Bibi akanishika mkono.

— Mwanangu, wewe ni mtu wa mashine. Niambie usinifiche. Nimeitunza? Nikikutana na mzee nimwambie nini?

Stanley akakohoa.
— Mwambie, mama Winfrida. Bibi anauliza, mwambie.

Nilimwangalia mume wangu. Halafu nikaangalia ule mkono wa bibi. Una baka la mafuta ya moto kutoka kidole mpaka kifundo. Nikachukua kikombe, nikamimina. Polepole, kama anavyofanya yeye. Hayakuingia. Yalijaa mdomoni mwa tundu, yakashuka ubavuni mpaka kwa vifaranga.

Nikasema, umeitunza bibi. Hakuna aliyetunza kama wewe.

Akalia. Stanley akatoka bila kuaga, kwa mtu mzima! Bibi akauliza, mbona baba Winfrida kakasirika? Nikasema ni hamu tu, bibi. Akasema basi jibu tumletee kesho baada ya misa, asitukimbize.

Stanley kanikuta hapa nyumbani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasema huo uongo ni wangu, na cherehani yangu ndiyo itakayoulipa. Kesho ya nini, anasema. Nikamwambia cherehani ni ya mama yangu, hana jibu la kutoa juu yake. Akasema, basi nipe wewe jibu. Honda au machimbo. Nikakaa kwenye cherehani. Akaenda kuazima mkokoteni wa kuibebea.

Nimefunga mlango wa mbele. Sijui kwa nini, komeo lenyewe ni la waya.

Nilikuwa namshonea Winfrida gauni la njano. Mwili tayari, mkono mmoja tayari. Amekaa chini anachezea kanyagio, ananiambia mama endesha. Namwambia subiri kidogo mama anaandika.

Mkokoteni unasikika pale kwenye korongo. Gurudumu lake moja linalia. Linataka mafuta.

Nimebakiza mkono mmoja. Nimeshatia uzi.