Geuka, Bibie, Tukuone na Huku

Mwaka umetimia, Baba yetu Fundi Amiri, tangu ulipotutoka ghafla tarehe 14 Machi 2003 na kuacha kibanda chako cha baiskeli hapa Chikongola mikononi mwetu, wanao Sabra na Omari.

Tunakumbuka ucheshi wako, na chai uliyowanywesha hata waliokuja kujaza upepo tu. Uliwapenda wauza samaki wa Msimbati, ambao baiskeli zao zilinuka hadi Mama akakukataza kuingia ndani na koti la kazi.

Zaidi tunaikumbuka stendi yako ya kunyooshea ringi. Uliileta kutoka Dar mwaka 1996, siku tatu ndani ya basi, masika yamepamba moto. Ukatuambia, "Macho yanadanganya, hii haidanganyi." Ulikuwa ukifunga gurudumu, unakaza spoku moja moja, unalizungusha mpaka linatulia. Kisha unalichomoa, unaligeuza, kulia kunakuwa kushoto, na kulirudisha huku ukisema, "Geuka, bibie, tukuone na huku." Tulikucheka. Tulidhani ni maringo ya fundi mbele ya wateja.

Basi ulipoondoka tukayaacha maringo. Magurudumu sita ya kwanza tuliyojenga yalizunguka bila kuyumba, lakini yakifungwa kwenye baiskeli yote yalikaa upande mmoja. Mteja wako wa siku nyingi, Mwalimu Mathayo, alirudi kutoka Mikindani akiikokota baiskeli, tairi inasugua foku, ule uma unaoshika gurudumu. "Wanangu, baba yenu hajawahi kunifanyia hivi," alisema. Wateja wakapungua. Tuliumia sana, maana jina lililokuwa likiharibika ni lako. Omari alitaka tufunge kibanda.

Mama ndiye aliyetuuliza, "Mbona bibie hamumgeuzi?"

Tukageuza. Ringi iliyokuwa katikati ikaonekana imehama. Kumbe mkono mmoja wa stendi ulikuwa umepinda, na wewe ulikuwa ukiigawa tofauti hiyo, unarekebisha nusu huku, nusu kule, mpaka ringi inakaa katikati kweli. Mama akacheka mpaka akafuta machozi. "Ilipinda humo humo kwenye basi. Alinikataza kuwaambia, alikuwa ameshaisifia mno."

Fundi wa kuchomelea alijitolea kuinyoosha. Tumemkatalia. Tunaogopa tukiinyoosha tutaacha kugeuza. Wiki iliyopita Mwalimu Mathayo alizungusha gurudumu lake jipya, akaliangalia kwa muda, akasema, "Hili la Fundi Amiri."

Hatukumsahihisha.

Unakumbukwa na mkeo Rukia, wanao Sabra na Omari, dada yako Fatuma wa Msimbati, wajukuu, na wateja wako wote. Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba yetu Amiri Chilumba. Kila bibie akigeuka, tunakukumbuka.