Tableti Isiyo na Kioo

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la magodoro.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Haraka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na binti yangu, huyo mwanao, bado anakohoa, au kile kifua kimetulia? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo haujambo kabisa, leo keshanigombeza kabla hata ya chai. Mimi ni mgongo tu, na huo tumeshazoeana.

Barua yako niliipata. Umesema niache kazi, nifungashe, nije kukaa kwenu, kwa kuwa umesikia kazini kwetu wameleta mashine. Tena ukasema nikikataa, basi utaninunulia tableti kubwa ya kuchorea, ile yenye kioo, ili niende na wakati. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, lakini acha nikueleze kwa mpangilio, usirukie mwisho kama kawaida yako.

Uliyosikia ni kweli. Bosi ameacha mabango ya brashi. Sasa kila kitu kinachorwa kwenye kompyuta, kinachapishwa, kinabandikwa. Mimi niliyeandika mabango ya nusu ya mtaa huu nikakabidhiwa mkasi nikate stika. Bosi si mtu mbaya, aliniambia wazi: nikimletea bango nililochora kwa kompyuta kabla mwezi haujaisha, narudi kwenye meza ya kuchora, nikishindwa, mkasi ndio kazi yangu. Mdogo wangu, kukata stika si aibu. Ila nilikuwa narudi nyumbani nalia. Sikukuambia kwa sababu ungetuma nauli siku hiyohiyo.

Pale kazini kuna msichana wa kompyuta, tunamwita Miwani. Yeye ndiye aliyeniazima tableti yake yenye kioo, ambayo unachora juu ya picha yenyewe kama vile unachora kwenye karatasi. Niliipenda papo hapo. Nikakaa, nikaweka kikombe cha maji upande wa kulia kama nilivyozoea miaka yote, nikavuta mstari wa kwanza, halafu nikachovya kalamu kwenye maji ili niioshe. Ndiyo, kalamu ya umeme! Miwani alipiga ukelele mpaka bosi akatoka ofisini. Kalamu ikafa hapohapo. Usicheke. Najua unacheka. Mama alipopata habari alishika mbavu, na mpaka leo nikichukua kikombe ananiuliza naenda kuosha nini.

Kalamu nilimlipa, na Miwani akanisamehe, lakini nilipata somo: kitu cha bei ile sitakigusa kwa amani. Mkono ukiwa na woga, herufi hazitoki. Ndiyo maana nakuomba sana hiyo kubwa usiinunue.

Basi Miwani akanipeleka duka la vifaa vya kompyuta. Muuzaji aling'ang'ania kuniuzia ile ndogo kuliko zote, iliyo kama bahasha, eti wote wanaoanza huchukua hiyo. Nikaijaribu palepale kaunta. Wapi! Anayechora vikatuni kwa kiganja itamfaa, lakini sisi wa mabango tunachora kwa bega. Nikivuta mstari, kalamu inatoka nje ya tableti inaishia mezani. Nikachukua ya kati, yenye ukubwa wa daftari kubwa la shule, isiyo na kioo. Kalamu yake haichajiwi. Ukikandamiza, mstari unanenepa; ukilegeza, unakonda, na hicho hasa ndicho nilichokuwa nakitafuta. Ncha za akiba zimo ndani ya boksi. Kabla sijalipa, Miwani alihakikisha kwamba inakubaliana na kompyuta yetu ya zamani ya hapa nyumbani, maana kuna zisizokubali, ukafika nazo nyumbani ukabaki kuzitazama. Bei yake haifiki hata robo ya ile uliyotaka kunitumia.

Shida yake ni moja. Unachora mezani, picha inatokea kwenye kompyuta. Mkono uko hapa, macho yako kule. Mwanzoni nilichora duara likatoka kiazi. Nikasema narudisha takataka hii dukani. Mama alikuwa ananitazama tu. Unamjua, ujana wake wote ameumalizia kwenye taipureta. Akaniambia, "Wewe unaangalia mkono. Mimi nilikuwa naangalia barua, vidole vinajijua vyenyewe." Akaleta taulo la jikoni, akafunika mkono wangu, kalamu, tableti na vyote, akavuta kiti akaketi kunilinda. Nikichungulia, kofi la bega. Mtu mzima na mvi zangu! Lakini wiki haikuisha, duara likawa duara.

Kwa hiyo hata huyo binti yangu anayekusumbua anataka kuchora kwenye kompyuta, mnunulie kama hii yangu. Programu ya kuchorea apakue ya bure, zipo nzuri. Na usimwache achague rangi ya boksi, aulize kwanza kama kalamu yake inanenepesha mstari ikikandamizwa. Akilalamika kwamba mstari unamkimbia, mwambie shangazi yake alitibiwa kwa taulo.

Sasa nikupe lililotokea. Bango lilikuwa la duka la viatu, nikalipeleka Ijumaa. Bosi alilifungua kwenye kompyuta yake. Akalikuza, akalikuza, mpaka herufi moja ikajaa kwenye kompyuta nzima. Nikajisemea haya, leo ndiyo basi. Akasema, "Huu mkono naujua." Kisha akaniambia kwamba kesho Jumatatu nikae meza ya kuchora, ile ya dirishani. Nikaenda chooni nikalia tena, safari hii kwa furaha, nikatoka nikamkumbatia Miwani mpaka miwani ikamdondoka.

Jibu langu basi ni hili: siji kukaa. Usinune. Ulinionea huruma na nakupenda kwa hilo, tena sana. Lakini ningekuja wakati ule wa mkasi, nisingekuwa nakuja kwako, ningekuwa nakimbia tu, na ungeniona kila asubuhi nimekaa jikoni kwenu sina la kufanya. Nikija, nitakuja kutembea. Nitakula, nitapiga soga na wifi mpaka mchoke, kisha nitaaga, kwa sababu kazini watakuwa wananisubiri.

Nisalimie wifi, binti yangu, na yule jirani yenu fundi saa ambaye huuliza hali yangu kila mara. Mama anasema uvae soksi. Mungu akulinde na nyumba yako yote, akupe afya na usingizi mzuri.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Mchora mabango.