Simu Isiyojua Kunong'ona

4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Huku wote wazima, isipokuwa mimi. Nakuandikia kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona uliyojifunza utotoni kwa ajili yangu, kwa sababu haya sitaki mtu mwingine ayasome.

Juzi tulikuwa chumba cha walimu, kimejaa, simu ya wasioona uliyoniletea kutoka kiwandani kwenu ikalia. Hata sijaigusa, ikaanza kusoma ujumbe wa daktari kwa sauti: "Vipimo vimethibitisha mtoto hana mapigo ya moyo. Njoo kesho asubuhi bila kula." Mume wangu mwenyewe alikuwa hajajua kama nina mimba. Nikabonyeza vitufe vyote, ikarudia tangu mwanzo. Mwalimu wa hesabu akanishika bega, nikautoa mkono wake.

Leo nimeruhusiwa kutoka hospitali. Niambie, mlipokuwa mnaiunda mlidhani kipofu hana siri?

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Maumivu yamepungua? Shemeji naye anaendeleaje?

Nilichora tundu la spika za masikioni ili usikie peke yako. Mkuu wa kiwanda akalifuta, eti wasioona wanachohitaji ni sauti kubwa. Juzi kikaoni nikamwambia alikosea. Akacheka, akauliza nani kalalamika. Nikatoa barua yako, nikaisoma yote. Mhasibu alilia. Mkuu mwenyewe kakubali tundu lirudi, na simu zilizoko madukani zirudishwe kiwandani.

Tumeshinda, dada. Wanataka uje wakupe pole.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwili umepona.

Barua yako nimeirudia, nikidhani vidole vimenidanganya. Ulisimama mbele ya watu nisiowajua ukawasomea tumbo langu. Simu ni chombo, haikujua inasema nini. Wewe ulijua. Ungeniuliza, pengine ningekuja mwenyewe, nikasema ninachotaka na kubakiza ninachotaka.

Tundu liwekeni. Kuna watu litawafaa sana, na kwa hilo nashukuru. Ila pole ya mhasibu siji kuichukua.

Shemeji yako ananisihi nikusamehe, anasema ulikuwa na nia njema. Nimemjibu kwamba hata aliyelifuta tundu alikuwa na nia njema.

Nikiwa tayari nitakuandikia. Wewe usitangulie kuandika.

Dada yako