Ndoana Ulizozikunja Upya

Baba,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: umelala Nyakitonto, juu kidogo ya shamba la mihogo, na msalaba wako Mama anaufuta vumbi kila Jumamosi. Mimi Daforoza, binti yako wa pili, naandika kutoka kwangu Kitahana, na nakuambia mapema kwamba siandiki kwa sababu nimekukumbuka. Naandika kwa sababu nimekukasirikia na hasira yenyewe sina pa kuipeleka. Nilipojaribu kumwambia Mama alinikatisha, akasema hata mwaka haujaisha, nisikuseme vibaya. Basi nakusema wewe mwenyewe, usoni.

Tangu uondoke mambo ni haya. Mvua zilichelewa na maharage yalikuwa machache. Mbwa wako alihamia kwa jirani siku ya tatu tu, bila aibu. Tulipoondoa matanga, wazee walimpa Elia mume wangu kopo lako la pili la ndoana, mbele ya watu wote, wakasema wewe mwenyewe ulitaka hivyo. Alilipokea kwa mikono miwili akalia. Alilia kwa jicho lake zima na kwa lile lisiloona tena, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sinia la chakula, nikatamani kulitupa lile sinia chini.

Nianzie kwenye plaizi yako.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Ukitoka kuvua Malagarasi ulikuwa unakaa nyuma ya jiko na ndoana zako kubwa, ndoana za bahari, ulizonunua kwa yule mzee wa pwani mwenye duka Kasulu mjini. Bahari yenyewe hukuwahi kuiona, ila ndoana za mtoni ulisema ni za kuchezea watoto. Kambare mkubwa au mzizi ulikuwa unaweza kuinyoosha moja. Wewe uliiweka juu ya jiwe, ukaibana kwa plaizi, ukaikunja mpaka ikarudi umbo lake, kisha ukainoa kwa tupa mpaka ncha ikang'aa. Uliiburuza ncha kwenye ukucha wa dole gumba. Ikikwaruza mstari mweupe, ulicheka. Halafu ukaitumbukiza kwenye kopo pamoja na zile nzima na kulitikisa.

Nilikuuliza, "Baba, hii si ndiyo iliyonyooka?" Ukasema, "Ego, ndiyo yenyewe, lakini sasa nani atajua? Na wewe usiseme." Siku nyingine ulinipa plaizi nijaribu mwenyewe. Mikono yangu haikuwa na nguvu, nikabana mara mbili pale ulipokuwa unabana mara moja. Ulinisifu. Nilijiona mtu mkubwa kuwa na siri na wewe, kwa sababu dada hakuwa nayo. Niliipenda ile siri, Baba, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tena usiniletee habari za ukimbizi. Nimelelewa nazo. Najua ulivuka mpaka ukiwa mgongoni kwa bibi, na kwamba mlifika na sufuria moja na shuka moja, ndiyo maana kwako hakikutupwa kitu: wala msumari, wala kamba ya ndala, wala kopo. Hayo niliyaheshimu maisha yangu yote. Lakini sufuria uliyoiziba mwenyewe, ikivuja, inavuja jikoni kwako. Ile ndoana ulimpa mtu mwingine aende nayo mbali.

Unaikumbuka siku Elia anaaga? Mwenzake wa Murungu alikuwa keshapata kazi kwenye boti za Kilwa, akamwita. Ulisimama katikati ya familia mbili umevaa koti lako la kanisani, ukanyanyua kopo juu, ukasema, "Hizi ni ndoana za bahari. Zinarudi kwao." Watu wakapiga makofi na vigelegele. Wewe, uliyekuwa ukiambiwa urudi kwenu tangu utoto, mpaka ulipopata karatasi ya uraia ndipo wakanyamaza, ulifurahi sana kupata kitu cha kurudisha kwao. Na Elia angefanya nini? Nani anafungua zawadi ya baba mkwe mbele yake na kuanza kuikagua? Alipofika Kilwa alizikagua kama ulivyomfundisha, kwenye ukucha. Zote zilikwaruza. Kwenye mkunjo hakutazama, maana hukumwambia atazame.

Mtoni ndoana ya namna hiyo inakupotezea kambare, unarudi nyumbani unanuna, basi. Baharini Elia alikuwa ameinama ubavuni mwa boti na samaki mzito yuko karibu kabisa na juu, mshipi umekaza. Ndoana ikafunguka. Lile chubwi, risasi nzito ya kuuzamisha mshipi, likaruka kutoka majini na kumpiga jichoni.

Alirudi na bandeji, na ile ndoana ameiweka mfuko wa shati kama mtu aliyepewa zawadi. "Tazama, Daforoza, samaki aliyenyoosha ndoana ya baba mkwe!" Niliichukua mkononi. Pale kwenye mkunjo niliona mikwaruzo ya plaizi, meno yamejipanga na katikati pengo, jino lile ulilolivunja siku unang'oa msumari wa mlango. Kutu ilikuwa imeingia humo humo kwenye mikwaruzo. Nikairudisha mezani.

Wiki ile ulikuja na jogoo kumpa Elia pole. Ndoana ilikuwa mezani. Uliiokota, ukaigeuza, kidole chako kikasimama pale pale. Ukanitazama. Kisha ukailaza mezani, alama zikitazama chini, ukasema, "Bahari ina samaki wakubwa, mwanangu." Na ukala. Ulikula vizuri, ukaomba mchuzi uongezwe, na mimi nikauleta.

Nilingoja useme. Kiangazi chote nilingoja. Simu ikilia nilidhani ni wewe umeshindwa kuvumilia, kumbe unauliza kama mbuzi amezaa. Halafu presha ikakuangusha shambani asubuhi moja, na mzigo wote ukabaki kwangu. Mwoga wewe. Nimeandika, na sifuti.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikae na kalamu leo. Elia anarudi Kilwa. Basi lake ni wiki ijayo. Anasema jicho moja linatosha kuona mshipi unapokaza. Juzi alitoa makopo yako yote mawili, akafuta ndoana kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, moja moja, huku akikusifu. "Za baba mkwe zina baraka," alisema. Anaamini ile iliyomuumiza ilishindwa na samaki tu, na kwamba ingekuwa ndoana ya mtu mwingine angekufa.

Jana nilikwenda Kasulu kwa yule mzee wako wa dukani. Bado yupo, na kofia yake nyeupe. Sikusema shida yangu, nilijifanya mteja. Akanieleza vizuri, "Sikiliza, mama. Ndoana ya bahari ikitoka majini ioshe kwa maji baridi, maji yasiyo na chumvi, uikaushe kwa kitambaa. Ikipoteza ukali lakini mkunjo wake haujaguswa, inoe, uendelee nayo. Kutu inayofutika, futa. Kutu iliyochimba vishimo, tupa. Mshipi ukiparuza karibu na fundo, kata hapo ufunge upya. Na ikishanyooka mara moja, usiikunje. Ivunje kabisa ndipo uitupe, asije mtu akaiokota." Nikasema asante, nikalipia ndoana mpya. Nilipokuwa nafunga kanga niondoke, kumbe alinitambua, akaongeza, "Hata marehemu baba yako nilimwambia haya. Alicheka, akasema mto wetu hauna mambo hayo."

Kwa hiyo ulijua! Njia nzima ya kurudi Kitahana nilikaa dirishani nikikutukana kimoyomoyo, na mama aliyekaa karibu akanipa karanga akidhani nimefiwa.

Leo Elia amekwenda Murungu kuwaaga ndugu zake. Alipopotelea tu kwenye kona nilipiga msumari kwenye fremu ya mlango, nikaleta plaizi yako, ile Mama aliyonigawia, nikaanza. Ndoana moja baada ya nyingine, naipachika kwenye msumari, naivuta kwa nguvu zangu zote. Nzima zinashika, hata mlango unalia. Zako zinafunguka, au zinakatika kwa mlio mdogo tu. Moja ilikatika kabla sijavuta sawasawa. Nimeziweka kwenye sahani. Kopo la pili, lile alilopewa kwenye matanga, ni baya kuliko la kwanza.

Halafu nikaona kitu. Kwenye baadhi ya zilizokatika, alama za plaizi ziko mara mbili, moja imepanda juu ya nyingine. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Hizo ni zangu, Baba. Ni mikono yangu ya utoto.

Nikaenda kuitoa ile ya Elia, aliyoitundika ukutani karibu na picha ya harusi yetu. Mwanzo niliona pengo la jino tu, nikakulaumu wewe, nikaishia hapo. Leo niliipeleka kwenye mwanga. Ni mara mbili.

Sasa nafikiria lile jicho ulilonikazia mezani. Miezi yote hii nilidhani ulikuwa unaniambia nikufichie. Labda ulikuwa unanificha mimi. Labda uliomba mchuzi ili niondoke pale mezani nisiitazame tena. Siwezi kujua, na kukuuliza siwezi, na hilo pia nakuchukia nalo. Kama ulinyamaza kwa ajili yangu, ulikosea zaidi. Mume wangu amekaa mwaka mzima akikusifu wewe, na mtu aliyemtoa jicho alikuwa analala naye kitanda kimoja.

Basi nakuaga. Wewe barua hii huwezi kuisoma, kwa hiyo nitamsomea Elia, kuanzia neno la kwanza, pamoja na mwoga wewe na pamoja na mikono yangu. Anaweza kwenda Kilwa na ndoana mpya nilizomletea. Anaweza kunirudisha Nyakitonto kwa Mama. Vyovyote, atakwenda anajua. Na nakuahidi hili moja: plaizi yako haitakunja tena ndoana yoyote. Kuvunja, itavunja.

Nasikia kengele ya baiskeli yake huko bondeni, bado yuko mbali kidogo. Sahani iko mezani. Ile ndoana yake nimeiweka mbele ya kiti chake, pale pale ulipoilaza wewe, alama zikitazama juu.

Lala, Baba.

Daforoza