Mtulivu na Binti wa Juzi

Jumapili, 2 Machi

Leo nimegawanywa watu watatu, na wote wana sura nzuri.

Shemeji — mdogo wa mke wangu, anauza simu mjini — kanikalisha karakanani akanifokea kama mtoto. Kisa? Mteja alifungua akaunti yangu kutafuta makochi, akakuta picha ya mke wangu kalala mdomo wazi. Akanipigia kuuliza kama na kitanda kile nauza! Mimi nilicheka. Mke hakucheka.

Basi sasa: akaunti ya kazi, makochi matupu. Akaunti ya familia, mlango umefungwa, haingii mtu ila ndugu. Na ya tatu — hii anaijua Shemeji na daftari hili tu — ya darasa la watu wazima mtandaoni. Maana dunia nzima nimeitangazia kwamba nilimaliza kidato cha nne. Niliishia darasa la tano. Ndiyo hivyo. Nimetembea nchi sita, nasalimia kwa lugha saba, lakini hesabu za sehemu zinanitoa jasho.

Masharti ya Shemeji: laini nyingine, neno la siri lingine, hakuna picha, usitaje kazi, na jina lisifanane na wewe hata kidogo. Nikachagua Mtulivu. Alicheka mpaka akashika meza. Hata polisi hawanipati!

Jumanne, 4 Machi

Nang'ara. Mwalimu kanisifu mara mbili.

Kuna msichana anajiita Binti wa Juzi, kakwama kwenye sehemu, kaniandikia pembeni. Nikamwambia, mdogo wangu, kaka yako mkubwa nipo. Soma sasa, wavulana waache kwanza. Chukua kitambaa, kikunje kati — hiyo nusu. Kikunje tena — robo. Akaelewa papo hapo! Ningekuwa profesa mimi, sema makochi yaliniwahi.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu!

Binti wa Juzi katuma picha ya daftari, nimkagulie majibu. Majibu sawa yote. Lakini daftari limelazwa juu ya mkono wa kochi. Kochi la kahawia, uzi wa bluu. Mshono wa msalaba, mwishoni mafundo matatu. Duniani kuna mtu mmoja tu anayefunga vile, na ndiye anayeandika hapa. Na uzi wa kahawia uliniishia mara moja tu maishani — kwenye kochi la mama mkwe! Nilimwambia bluu ndiyo mtindo wa ng'ambo. Akanijibu, "Mwanangu, sisi tuliosoma hatudanganywi hivyo."

Tuliosoma! Mama huyu kila mtu anamwambia alikuwa karani. Miaka kumi na tisa ananisahihisha mpaka salamu.

Na mimi nimemwambia awaache wavulana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemvamia Shemeji dukani. Ulijua? Kumbe ndiye aliyemfungulia mama akaunti, akamwandikisha darasa lile lile! Anasema siri yangu haikutoka na ya mama haitoki. Nikasema, mimi si shemeji yako? Akasema, na yule si mama yangu? Nikamwambia, haya, umeshinda. Mimi! Siku ya kuwekwa kwenye kalenda.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbili nimekuwa na raha ya kishetani. Nilishapanga: sherehe ijayo, akinisahihisha mbele za watu, namuuliza robo ya robo ni ngapi. Watu waanguke!

Leo kaandika. Anataka kuacha darasa. Jumamosi mwalimu anataka kila mtu awashe maiki aeleze hesabu moja, na siku hiyo yeye atakuwa kwa binti yake, anakuja kutibiwa macho. Anaogopa mkwe atasikia. "Mkwe wangu ni fundi," kaandika. "Ana makelele, lakini mikono yake ina akili. Angenifundisha vizuri. Ila nimembeza miaka yote, nitaanzaje?"

Nimeisoma mara nne. Vumbi la sponji limeniingia machoni. Yote mawili.

Mtulivu akajibu: usiache, umebakiza kidogo. Na huyo mkwe asikutishe, mafundi makochi Jumamosi wanagonga nyundo, hawasikii kitu. Sikuandika "mdogo wangu". "Mama" nayo sikuweza. Niliandika "mwenzangu".

Jumatano, 12 Machi

Mama kafika. Chumba chake kinapakana na karakana, ukuta wa mbao tu. Salamu yangu kaisahihisha. Nilifurahi, mpaka mke kauliza kama nina homa.

Nimempelekea kiti nilichomaliza jana, chenye mkono mpana. Kauliza upana wote huo wa nini. Wa kikombe, mama.

Jumamosi, 15 Machi

Saa kumi. Mama kasema anapumzika, asisumbuliwe. Mke katoka. Nimegonga ubao mtupu dakika tano nzima, asikie jinsi nisivyosikia. Kisha nikachomeka waya wa simu sikio moja, nikaingia darasani.

Zamu ya Binti wa Juzi. Sauti naipata mara mbili, sikioni na ukutani. Robo tatu ukitoa nusu. Nimeikumbatia nyundo kama mtu anayesubiri penalti. Halafu: "Chukueni kitambaa, mkikunje kati..."

Kapata! Mwalimu kampigia makofi. Nimerusha kofia juu, imenasa kwenye msumari wa dari, ikae huko huko.

Sasa — hili sikulipigia hesabu, na hesabu ndiyo ninayosomea! Mwalimu kaniita mimi. Mtulivu, washa maiki. Sauti yangu mama anaijua hata nikikohoa. Nikiwasha, nimejifichua, na yeye nimemfichua pia, atajua nilijua. Nisipowasha, nafutwa darasani. Naandika hapa kama vile daftari litanijibu. Nisingizie simu? Nigonge tena?

Kaita mara ya pili.

Ukutani pamegongwa. Polepole, mara tatu. Na sauti, si ya simu, ya mama mwenyewe, kicheko kimo ndani:

"Kaka mkubwa! Mimi niliandika fundi tu, makochi uliyajuaje? Weka nyundo chini, mwalimu anakuita."